Komeo, Kabari na Mwega

Mama Futi alikuwa amelala chali chini ya trela, nyuma ya kituo cha polisi, viatu vya mkuu wake vilipokuja vikasimama karibu na sikio lake. Viatu hivyo alivijua. Viling'aa hata msimu wa matope, na havikuwahi kuleta habari njema.

"Faili linaondoka saa kumi," alisema mwenye viatu.

"Saa kumi bado iko mbali, mkuu."

"Sasa hivi ni saa tatu, na wewe uko mvunguni."

Jina la Mama Futi alipewa na wenzake kwa sababu ya futi ya chuma aliyotembea nayo mfukoni siku zote. Alipima kila kitu: nyayo, madirisha, hata umbali kati ya vitanda vya watu walioapa kwamba hawakusikia kelele. Vibaka wa mjini walisema heri ukutane na mbwa wa doria kuliko yule mama, maana mbwa akishanusa huenda zake.

Kesi yenyewe ilikuwa na siku tisa. Boti mpya ya kuvusha abiria bwawani ilizama siku yake ya kwanza kazini, mchana kweupe, maji yakiwa yametulia. Haikugonga jiwe. Ubao wa nyuma, ule unaobeba injini, ulipasuka kutoka upande hadi upande. Injini ya kilo mia moja na sitini ikadondoka nao, na maji yakaingia mahali ubao ulipokuwa. Abiria wanne waliokolewa. Nahodha alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mtoto pekee wa mwalimu mstaafu aliyeinunua boti. Aliwavisha abiria wote majaketi ya kuelea, akabaki yeye. Walimpata kesho yake.

Mahabusu alikuwemo dereva aliyeivuta boti hiyo kutoka kiwandani, safari ya siku mbili kwenye barabara ya mashimo. Watu walimwita Polepole, na hawakumsingizia, kwa kuwa lori lake lilipitwa na baiskeli zenye magunia ya mkaa. Polepole alikuwa mdogo wake mke wa mwalimu. Kwa hiyo marehemu ni mpwa wake, mshtaki ni shemeji yake, na aliyekataa kumpelekea hata kikombe cha uji ni dada yake wa tumbo moja.

"Sikiliza," mkuu alisema. "Mkaguzi wa vyombo kaandika kwamba ubao ulikuwa umeshapasuka kwa ndani kabla boti haijagusa maji. Maana yake ulipasukia njiani. Njiani mzigo ulikuwa wa nani? Wa dereva. Na ndani ya boti tumekuta kabari ya mti. Alitegemeza injini kwa kabari badala ya mwega. Uzembe uliosababisha kifo. Mwandike, tuendelee na mengine."

"Yeye anasema aliweka mwega."

"Na mwega uko wapi?"

Mama Futi aliwasha tochi ya simu. Juu ya pua yake, kwenye chuma kinachokatiza nyuma ya trela, palikuwa na alama mpya za duara, nusu zimepandiana, rangi imebanduka na chuma kinang'aa. Aliweka futi. Upana wa kila duara ulikuwa sentimita tano na nusu. Alizihesabu hadi thelathini na moja, kisha zikawa zimebanana mno kuhesabika. Akazipiga picha kwa simu, akajiburuta kutoka.

"Una vumbi hadi kwenye kope," mkuu alimwambia, na viatu vikaenda zao.

Polepole aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akishikilia suruali kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkanda wake ulikuwa kaunta. Alikuwa mtu mnene aliyeanza kupungua.

"Nieleze habari ya kutegemeza injini," Mama Futi alisema. "Nieleze kama unamweleza mjinga."

"Afande, nimeshaeleza mara nne."

"Basi hii ya tano itakuwa nyepesi."

Akashusha pumzi. "Ukivuta boti, injini unainyanyua nyuma isiburuze chini. Ikishanyanyuka inataka kitu cha kuishika. Kwanza kuna komeo lake lenyewe, kale kadogo kanakotoka nayo kiwandani. Hako ni ka kuegeshea boti uani. Barabarani, shimo la pili tu kameshakatika. Pili kuna kabari. Unaichomeka kati ya injini na kibano chake, injini haitikisiki, lakini uzito wote bado umening'inia kwenye ubao wa nyuma. Kwa injini ndogo na lami nzuri, kabari inatosha. Tatu ndiyo mwega. Fimbo ya chuma. Juu ina panda yenye raba, inakumbatia mguu wa injini. Chini inasimama kwenye chuma cha trela. Uzito unashuka kwenye trela, ubao unapumzika. Injini ile, barabara ile, mtu mwenye akili zake anachagua mwega. Nilichagua mwega."

"Na kabari?"

"Ilikuja na boti. Niliiacha humo humo. Ningeitupa wangesema nimeiba."

"Mwega uko wapi?"

"Nilimrudishia Cheche, yule mchomeleaji wa nyuma ya gereji. Ulikuwa wa kuazima. Nilimwambia askari wa kwanza kabisa, akaniambia nifunge domo mpaka niulizwe. Sikuulizwa tena."

Mama Futi alimfahamu huyo askari wa kwanza, akaandika jina lake pembeni mwa ukurasa kwa matumizi ya baadaye.

"Dada yangu hajaja?" Polepole aliuliza.

"Bado."

"Hata akija kunitukana, afande. Mwambie aje anitukane."

Banda la Cheche lilijaa vyuma kiasi kwamba mwenyewe aliingia kiubavu. Alikuwa kijeba, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, mdomo hausimami. Aliposikia anayetafutwa ni mwega, aliuchomoa kwenye rundo bila kuangalia.

"Huu hapa. Hata asante hakunipa, na sasa nasikia yuko kwenu anakula bure. Polepole kawahi mahali, hatimaye!"

Mama Futi alipima kitako cha mwega. Sentimita tano na nusu. Raba ya panda ilikuwa na rangi nyeusi ya mguu wa injini, imekwaruzwa upande mmoja. Kwa mara ya kwanza katika siku tisa alijisikia vizuri. Mwega ulitumika. Kabari ya mkuu ilikuwa kipande cha mti tu. Alimwonyesha Cheche picha za chuma cha trela, kwa furaha kidogo, na Cheche akashusha miwani, akaipandisha tena, akanyamaza. Jambo hilo lilikuwa geni hata kwa kuku waliokuwa wakichakura mlangoni.

"Alama ngapi hizi?"

"Nilifika thelathini na moja."

"Haiwezekani." Akaisogeza simu karibu na macho. "Mwega ukikaa sawasawa unaacha alama moja. Unasimama mahali pamoja kutoka mwanzo wa safari mpaka mwisho. Hizi si alama za kusimama, mama. Huku ni kuruka."

"Fafanua."

Cheche alichukua ndoo, akaiweka juu ya kigari chake cha mitungi ya gesi, akasimamisha kipande cha nondo kati ya kigari na mdomo wa ndoo. "Kigari ndiyo trela. Ndoo ndiyo boti. Nikifunga ndoo na kigari kwa kamba, vikawa mwili mmoja, vinaruka pamoja, vinatua pamoja. Nondo imetulia. Lakini ndoo ikiwa haikufungwa," akakiinua kigari kidogo na kukiachia, nondo ikagonga mdomo wa ndoo, ng'a, "trela inapanda wakati boti inashuka. Kila shimo, trela inaupiga mwega, mwega unaipiga injini, injini inaupiga ubao. Njia nzima ni nyundo."

"Kwa hiyo mkanda wa nyuma, wa kufungia boti, ulilegea."

"Ulilegea sana."

"Angetumia kabari, ubao ungepona?"

Cheche hakupenda swali hilo. Alifuta mikono yake kwenye ovaroli, ingawa haikuwa michafu kuliko ovaroli yenyewe. "Kabari na mkanda uliolegea? Ungeumia, lakini pengine usingepasuka. Mwega ndiyo chaguo sahihi, mama. Ila mwega hautaki mzaha na mikanda."

Basi ikawa hivyo. Alikuja kumtoa mtu shimoni, na ushahidi wenyewe ulikuwa koleo la kumfukia. Mkuu angefurahi: mwega umepatikana, na mwega ndio uliovunja boti, na mikanda ni kazi ya dereva.

"Lakini Polepole halegezi mkanda," Cheche aliendelea, kwa sauti ya chini. "Mengine yote mseme, hilo hapana. Yeye anakaza mpaka gari linalalamika. Halafu ana ile tabia yake ya kupindua."

"Kupindua nini?"

"Mkanda. Mkanda ukiupitisha bapa juu ya mzigo, upepo unaupigisha, unavuma masikioni safari nzima. Ukiupindua mara moja, kama kusokota, kabla ya kukaza, unanyamaza. Wavutaji wengi wanajua, ila wanasahau. Polepole hasahau. Nimemwona akipindua mkanda wa kufungia godoro la kupeleka nyumba ya tatu."

Mama Futi alikaa kwenye mtungi mtupu, akafungua faili lake magotini. Hakukuwa na picha ya safari. Hakukuwa na picha ya boti ikishushwa. Kulikuwa na vipimo, michoro, maelezo ya abiria wanne, na tangazo la msiba lenye picha ya marehemu akicheka.

Picha hiyo alikuwa ameitazama kila siku, na kila siku aliutazama uso. Sasa alitazama pembeni. Binti alisimama gatini siku boti ilipowasili, mkono juu ya ubavu wake, na boti bado ilikuwa juu ya trela. Nyuma ya bega lake lilionekana jina la boti, herufi za buluu zenye kivuli cheupe, kazi safi ya mkono. Mkanda wa nyuma ulipita juu ya herufi ya mwisho. Ulikuwa bapa, na chini yake palikunjwa sweta la kahawia.

"Mkanda huo hakuufunga Polepole," Cheche alisema begani kwake.

Saa saba na nusu alikuwa amesimama tena mbele ya Polepole, safari hii kwenye nondo za mlango wa mahabusu, kwa kuwa chumba cha mahojiano kilikuwa na mwizi wa betri.

"Njiani mlisimama wapi?"

"Mara moja ya maana. Siku ya kwanza, saa nne asubuhi. Gurudumu la trela lilipata pancha. Nilikwenda nalo kwa fundi, nikachukua kama saa nzima."

"Boti ilibaki na nani?"

"Na shemeji. Tulikuwa wawili tu."

"Uliporudi uliishika mikanda?"

Polepole alitazama vidole vyake.

"Niliuliza uliishika?"

"Niliiona. Ilikuwepo. Shemeji alikuwa ananihimiza, anasema binti anatusubiri." Akameza mate. "Sikuishika, afande. Nilifunga mwenyewe asubuhi ile ile, nikasema nimeshafunga."

Hakuuliza kwa nini anaulizwa. Mama Futi alishukuru kwa hilo, akaondoka haraka kabla hajapata wazo la kuuliza.

Nyumbani kwa mwalimu viti vya plastiki vya kuazima vilikuwa vimepangwa ukutani vikingoja kurudishwa. Wageni wa msiba walikuwa wameisha. Mke wa mwalimu alikuwa mchora mabango. Nusu ya maduka ya mji ule yalikuwa na herufi zake. Brashi zake zilikuwa kwenye kopo dirishani, na hakuna aliyezisafisha, zikawa zimekauka zikashikana. Mwenyewe alisikika jikoni. Mwalimu alimkaribisha mgeni kiti, akakaa naye, mgongo wima, mikono magotini. Alikuwa amevaa sweta la kahawia.

"Pole tena, mwalimu."

"Tumeshapoa. Shemeji amekiri?"

"Hapana. Naomba uniambie habari ya siku ya pancha."

Mwalimu alifikiri, kama mtu anayetaka kutoa jibu kamili. "Alikwenda kuziba gurudumu. Mimi nilibaki."

"Ulifanya nini kwenye boti?"

"Sikufanya kitu. Nililinda." Kisha akasema, "Niliweka sweta tu."

"Kwenye mkanda wa nyuma."

"Jina mwenzangu alilichora kiwandani, rangi ilikuwa ya siku mbili. Mkanda ulikuwa unaibana, unataka kula herufi ya mwisho. Nikaulegeza, nikauvuta upande, nikaweka sweta chini yake."

"Ukaukaza tena?"

"Kidogo. Ule mtambo wake wa kukazia sikuuelewa vizuri. Lakini boti haikuanguka, afande. Mkanda si wa kuzuia boti isianguke? Haikuanguka. Ilifika salama, nilikuwepo." Akainua mkono wa sweta. Palikuwa na doa la buluu pale, refu kama kidole. "Ni rangi tu hii."

Mama Futi alikuwa ameeleza vifo kwa watu wengi na hakuwahi kupata njia nzuri. Alieleza kama Cheche alivyoeleza, mwili mmoja na nyundo, pasipo ndoo. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Katikati ya maelezo aliacha kupepesa macho.

"Kwa hiyo dereva aliweka mwega," alisema.

"Aliweka. Na mikanda aliifunga. Kosa lake ni kutoishika aliporudi."

"Nilikuja kituoni kwa miguu yangu. Nikataja jina lake."

"Najua."

"Mwenzangu asijue." Alinong'ona sasa, akiinama mbele. "Afande, nitaandika chochote unachotaka, nitakwenda mwenyewe nikakae ndani badala yake. Lakini mama mtoto asijue ni kwa sababu ya herufi. Ile ni kazi ya mkono wake."

"Nisijue nini?" mkewe aliuliza.

Alikuwa mlangoni na sinia la chai. Hakuna aliyejua amesimama hapo kwa muda gani. Mama Futi aliinuka, akampokea sinia, akaliweka mezani.

"Nilimpigia simu mimi," mke wa mwalimu alisema. "Siku ile ya pancha. Nilimwuliza rangi inaendeleaje, akasema mkanda unabana. Nikamwambia legeza. Nikamwambia hiyo rangi inataka wiki nzima, legeza uweke nguo. Yeye alikataa kwanza. Akasema tumwulize shemeji yake. Nikamwambia, huyo mdogo wangu anajua nini cha rangi?"

"Mke wangu, nyamaza."

"Jina lilifika halijachubuka hata kidogo. Watu wa gatini wote walilisifia." Akamgeukia Mama Futi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Andika basi. Mbona huandiki?"

Mama Futi aliandika. Alihuzunika sana, na mwandiko wake ukawa mzuri kuliko kawaida, kwa kuwa aliandika taratibu. Mwalimu alitia sahihi yake ya kishule. Mkewe alisoma karatasi yote mstari kwa mstari kabla ya kutia yake.

"Siku nane nimemnyima chakula," alisema aliporudisha kalamu. Hakulia. Alikusanya vikombe ambavyo hakuna aliyevigusa, akarudi navyo jikoni.

Mkuu alisoma maelezo akiwa amesimama, saa kumi kasoro dakika kumi.

"Kwa hiyo si dereva, ni baba."

"Ni baba aliyelegeza, mama aliyeagiza, na dereva ambaye hakushika mkanda. Na mwega, ambao ulikuwa chaguo sahihi."

"Mwendesha mashtaka ataniuliza jina moja."

"Mpe matatu. Achague yeye."

Mkuu alipiga muhuri kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Tarishi akaondoka na faili, na hati ya kumwachia Polepole kwa dhamana ya kituo ikabaki mezani, wino bado haujakauka.

Polepole alisimama kaunta akipitisha mkanda kwenye suruali yake. Ulikuwa umebaki na matundu mengi ya ziada. Mama Futi alimsogezea daftari la vitu vya mahabusu.

"Nani amekuja kunichukua?"

"Hakuna. Uko huru kwenda mwenyewe."

"Mmeuona mwega?"

"Tumeuona."

Uso wake ulifunguka, akacheka mara moja, kicheko kifupi cha mtu aliyesema tangu mwanzo. "Si niliwaambia! Na ule mkanda ulioniuliza, nani aliulegeza?"

Angeyasikia mtaani kabla ya jua kuzama, na mtaani wangeongeza chumvi. Mama Futi alimwambia. Alimwambia habari ya sweta na habari ya simu, bila kuongeza wala kupunguza. Polepole alisikiliza, kifungo cha mkanda mkononi, hakijafungwa.

"Dada alikuwepo ulipokuwa unasema?"

"Alikuwepo."

"Ungengoja atoke."

"Aliingia mwenyewe."

Mwizi wa betri alikuwa akiimba huko ndani, vibaya, na askari wa zamu akamgongea nondo.

"Alikuwa na mimi," Polepole alisema. "Siku zote hizi alikuwa na mimi wa kumchukia. Sasa amebaki na nani mle ndani? Na mumewe, na brashi zake." Akafuta uso kwa kiganja. "Afande, nikisema nilitumia kabari?"

"Nitajua unaongopa."

"Wewe utajua. Mimi namuulizia dada."

"Faili limeshaondoka."

"Lifuate. Sema nimekiri."

"Siwezi."

Polepole aliitazama kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye kaunta. Kisha akakifunga kifungo, akaukaza mkanda hadi tundu la mwisho, na badala ya kuelekea mlango wa nje akarudi mwenyewe kwenye mlango wa mahabusu, akausubiri ufunguliwe.